Kaburi la Profesa Mapunda

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi yetu Nyamizi, kwenye matanga ya babu, mwaka 1998.

Profesa Mapunda alikuwa bingwa wa ubongo, lakini wa panya. Kalunde, muuguzi mkuu wa wodi ya wagonjwa wa akili, alimfuata mara kwa mara akimwomba aje awafanyie utafiti, maana bila profesa wodi ingefungwa.

"Mimi na vichaa wako?" alifoka Profesa mbele ya majirani. "Haki ya Mungu, labda mnizike kwanza!"

Kesho yake Kalunde akachimba kaburi uani kwa Profesa, akajilaza ndani, akaomboleza. Yeye Mnyamwezi, Profesa Mngoni. Walikuwa watani, na mtani hafukuzwi msibani.

"Mtani, toka! Nitakupa jogoo," alibembeleza Profesa, maana mtani aliyelala kaburini hutolewa kwa zawadi.

"Jogoo wa nini, nami nimefiwa?"

Majirani wakaangua kicheko. Profesa akachungulia shimoni.

"Hata kuchimba hujui. Hili fupi, halinitoshi."

"Linakutosha na chenji inabaki! Wangoni mna urefu gani, zaidi ya majivuno?"

Kalunde akapanda juu kumpisha. Profesa akavua viatu, akashuka, akalala chali. Magoti yakabaki yamesimama.

"Umeona?" alishangilia.

Kalunde akamtupia konzi ya udongo, na majirani wote wakafuatia.

"Tumeshakuzika, mtani. Vaa viatu, twende wodini."

Akaenda, udongo ukiwa ndevuni, na wodi haikufungwa.

Kalunde ametangulia mbele ya haki, na shangazi pia. Profesa waliyemzika bado yu hai.