Ukili wa Darini

Mwanamke mmoja alikuwa na mwana mmoja na ukili mmoja. Yeye aliitwa Bi Mwanate, mwanawe Shaame. Ukili ni ule msuko mrefu wa ukindu ambao hushonwa na misuko mingine ukawa mkeka. Huu wa Bi Mwanate ulikaa darini, na haukuwa wa kuuzwa.

Kila nyumba ya kijiji kile ilikuwa na wake. Jirani akifa, kila mwanamke aliuteremsha ukili wake, wakakaa pamoja uani mwa wafiwa na kushona mkeka wa kumfunikia maiti mpaka kaburini. Rangi hazikupatana. Huyu alisuka mwembamba, yule mpana, na mwingine mikono ilikwisha kuingiwa na uzee. Ulikuwa mkeka mbaya kuutazama, lakini kila mmoja aliujua mstari wake. Akirudi kwake, kabla ya kusuka cha kuuza, alisuka mwingine wa kuweka darini.

Shaame alikwenda chuo kikuu kusomea ujasiriamali wa sanaa na utamaduni. Kozi ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa biashara, akaifaulu. Ya pili ilikuwa sanaa, na huko alifundishwa kwamba mnunuzi wa leo hununua kitu pamoja na hadithi yake. Ya tatu ilikuwa jamii: mwanafunzi aende akae na watu, awaulize ni kitu gani kwao hakiuzwi, na kwa nini. Shaame aliomba asamehewe sehemu hiyo, kwa kuwa yeye alizaliwa huko. Akasamehewa.

Alirudi na akili nzuri na nia njema. Aliwatafutia wanawake soko la mikeka, na soko likapatikana. Nyumba za makuti zikaezekwa mabati, na watoto waliokaa nyumbani wakarudi shule. Hakumdhulumu mtu. Ambaye angemlaumu Shaame wakati ule angeonekana ana kijicho, na pengine angekuwa nacho kweli.

Kisha mwenye hoteli moja akaisikia habari ya mkeka wa maziko. Akaitaka mikeka ya namna ile, yenye rangi zisizopatana, tena akaitaka upesi. Shaame alitazama juu, akaona kila nyumba ina ukili umekaa tu, unaingia vumbi. Aliwaambia wanawake kwamba kitu kilicholala ni mtaji uliokufa. Aliwapa bei nzuri, mara mbili ya bei ya siku zote, nao wakaona hakuna ubaya, watasuka mwingine. Mama yake alimpa wake bure. Alimuuliza tu huo mwingine utasukwa lini, na Shaame akamjibu kwamba kazi ya hoteli ikiisha.

Kazi ya hoteli haikuisha. Ilikuja ya hoteli ya pili, na kila ukili uliomalizika ulikuwa na mtu anayeungoja. Dari zikabaki tupu. Hakuna aliyekata shauri kuiacha desturi ile. Kila mmoja aliiahirisha kidogo, kwa sababu nzuri.

Bi Mwanate akafa asubuhi moja, ghafla. Katika maisha yake hakuwahi kukosa uani mwa mfiwa, na kila mkeka wa maziko ulikuwa na mstari wake. Wanawake walikuja wote, wakalia, wakapika, wakaosha. Lakini walikaa uani mikono mitupu. Shaame alingoja. Jua lilipopanda alimwendea Bi Kazija, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa mkubwa wao, akamuuliza kwa upole mbona hawashoni.

Bi Kazija hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, kama mtu aliyedaiwa kitu alichokwisha kukitoa. Akasema, "Ukili wa kumshonea mama yako ulishaununua, mwanangu."

Maiti haulizwi sanda. Shaame alikwenda ghalani akatoa mkeka ulio bora kuliko yote, uliokuwa ukingoja gari la hoteli, akaikata lebo yake kwa wembe. Ulikuwa mzuri, na wapita njia waliusifu. Wanawake waliutazama ukipita, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuujua mstari wake. Shaame alitembea nyuma ya jeneza akilia, si kwa kufiwa peke yake.

Mkeka kuuzwa si dhambi, wala chuo hakikukosea. Kilimwekea sehemu tatu, naye akachukua mbili. Lakini sote tumezaliwa mahali fulani. Wewe uliyezaliwa huko, umewahi kuuliza ni kitu gani hakiuzwi, na kwa nini?