Pamba Nyuma ya Kiwiko

Wapendwa, hebu tutoke hapa kidogo, twende zahanati.

Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyependa kusoma ngozi za watu. Wengine husoma magazeti; yeye alisoma ngozi. Akikupa mkono sokoni, ujue ameshaona kucha zako, ukavu wa kiganja chako na kile kipele ulichodhani umekificha. Wanafunzi waliokuja kujifunza kwake aliwaambia kila siku: "Msitegemee taa. Mleteni mgonjwa dirishani, mtazameni, mpapaseni, linganisheni upande huu na huu. Na msiwe na haraka."

Siku moja akaja mama muuza maandazi, ana baka jeupe begani. Wateja walishaanza kununua kwingine, wakinong'ona kuwa ana ukoma.

"Tutajua sasa hivi," akasema muuguzi, macho yakimng'aa kwa hamu ya kujua. "Na hata ukiwa ukoma, mama, dawa ipo. Ukiwahi, vidole vyako vinabaki vyako." Akanyofoa kipande cha pamba. "Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe ni wapi. Pale usipohisi ndipo penye shida."

Mama akakunja uso. "Nifumbe macho? Ili unidunge sindano? Nawajua ninyi!"

Muuguzi akacheka. "Haya, tuanze na mimi. Shika pamba." Akapandisha mikono ya gauni lake, akafumba macho.

Pamba ikagusa kiganja. "Hapa," akaonyesha. Ikagusa shavu. "Hapa." Kisha kimya. Akangoja, akisikiliza watu wakikohoa kwenye benchi nje.

"Gusa basi, mama."

"Nimegusa, nesi."

"Wapi?"

"Hapa nyuma ya kiwiko, kwenye hili baka lako. Hii ni mara ya tatu. Na hapa pembeni umeungua, kidonda bado kibichi. Hakikuumi?"

Kidonda? Kidonda gani? Muuguzi akafumbua macho. Ndipo akakumbuka: jana, akipiga pasi sare yake, alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akaigeuza nguo huku na huku, akaiona nzima, akaendelea kupiga pasi.

Aliogopa, wapendwa, tusidanganyane. Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mama wa maandazi akamshika ule mkono. "Usiogope, nesi. Si umesema dawa ipo?"

Zamu ya mama ilipofika, alihisi kila mguso. Baka lake lilikuwa fangasi tu, la kupaka dawa. Aliyekwenda kuanzishiwa dawa za ukoma ni muuguzi. Alizimeza miezi na miezi, akapona, na vidole vyake vyote kumi anavyo.

Sasa niambieni: nani angemgusa, wakati yeye ndiye aliyekuwa akigusa kila mtu? Na sisi je? Sisi tunaomsoma jirani kuanzia kisogoni hadi kisiginoni? Panapotuuma tunapajua, na kila siku tunamlilia Mungu juu ya hapo. Mimi naogopa pale pasipotuuma tena. Mara ya kwanza ulipomtukana mkeo ulikosa usingizi. Leo unamtukana, halafu unaomba uongezewe chai. Mara ya kwanza kumsengenya mwenzako koo lilikukauka. Leo yanatoka yenyewe, tena na kicheko juu. Halafu nyumba inanuka kuungua, na sisi tunakagua nguo!

Ndugu yangu, leo ukifika nyumbani, usimkague mtu. Keti karibu na dirisha, fumba macho, mwambie yule unayeishi naye: gusa. Akikwambia ameshagusa mara tatu, usibishane naye.