Oili ya Majirani

Soma hii taratibu, kisha mpelekee yule mtu wako asiyejua kukataa.

Katika kijiji kimoja cha Makete, kule ambako mwezi wa saba viazi huamka na barafu mgongoni, palikuwa na mzee aitwaye Aidani. Alikuwa na pikapu kuukuu, na ndiyo iliyopeleka wagonjwa wote hospitali. Sasa binti yake, Atupele, alikuwa anakaribia kujifungua.

Oili ya injini ikapungua. Fundi alimwonya: "Subiri oili nyepesi kama iliyomo. Ukichanganya na nzito, kwa baridi hii gari halitawaka."

Lakini watu wa kijiji kile hawajui kumwacha mwenzao apungukiwe. Huyu akaleta oili ya trekta, yule ya pikipiki. Mama Mahenge, mwenye mashine ya kusaga, akaleta ile nzito kabisa, akasimama pale pale aone ikimiminwa. Na kwao kukataa zawadi ni kumtukana aliyeileta. Aidani akamimina yote huku akishukuru, roho ikimuuma.

Alfajiri moja ya baridi kali, uchungu ukamshika Atupele. Aidani akampandisha garini, akajaribu kuwasha. Injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaona oili imekuwa nzito kama asali.

Majirani wakaja mbio. "Tatizo nini?"

"Labda betri," Aidani akasema.

Maskini, hata hapo alikuwa anawaonea haya! Kijana mmoja akageuka kwenda kung'oa betri ya trekta.

"Baba, waambie ukweli!" Atupele akalia kutoka ndani ya gari.

Aidani akainamisha kichwa. "Ni oili. Zile mlizonipa hazipatani, na baridi imezigandisha. Nilijua tangu siku ile."

"Mbona hukusema?" Mama Mahenge akauliza.

"Niliogopa kukuvunja moyo, mama."

"Moyo wangu ungepona, Baba Atupele. Huyu mtoto je?" Machozi yalimlenga, lakini hakuondoka. "Haya, sema. Unahitaji nini?"

"Makaa ya moto. Tuipashe injini kwa chini."

Kila jiko la jirani likaletwa na makaa yake. Wakayapanga chini ya injini, wakangoja huku wanawake wakimshika Atupele mikono. Oili ikalegea. Aidani akajaribu tena, na gari likawaka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Majirani walipokuja kumwona, walisimama kwanza mlangoni, mikono mitupu, Mama Mahenge akiwa mbele.

"Baba Atupele, tulete nini?"

Mzee akakohoa kidogo. Safari hii akajibu bila haya.

"Nguo za mtoto zimejaa. Leteni kuni."

Funzo: Kabla hujasaidia, uliza kinachohitajika, na ukiulizwa, sema kweli, kwa sababu anayekupenda ataumia kidogo tu, kisha atakuletea makaa.