Shada la Mgeni Mpya wa Mvukeni

Hii nimeletewa, nami nakuletea. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee mtu yeyote mwenye lango lake, awe na nyumba ya wageni, awe na duka, awe na nchi nzima.

Mji wenyewe uliitwa Mvukeni, nao ulikaa mlimani penye chemchemi ya maji moto. Watu walitoka mbali kwenda kuoga pale, wenye migongo mibovu, wenye magoti yaliyochoka, na wengine waliotaka tu kustarehe.

Miongoni mwao alikuwa Bi Siwema, msusi wa mikeka, ambaye kwao kulikuwa mwendo wa siku nne. Ugonjwa wa viungo ulimkaza vidole vikajikunja kiganjani, akawa hawezi kushika ukili wala kijiko. Alipofika Mvukeni mara ya kwanza alikuwa analishwa. Akakaa siku saba katika bwawa la juu, pale maji yanapotoka ardhini yakiwa bado moto, na siku ya nane akafunga mzigo wake mwenyewe. Mwaka mzima alisuka. Vidole vilipoanza kukaza tena, akarudi, na tangu hapo hakukosa hata mwaka mmoja. Miaka kumi na tisa.

Wahudumu wa bwawa enzi hizo walikuwa wanawake watu wazima wa pale mjini. Walimjua. Alipotokeza tu njiani walimwita, "Siwema, umerudi? Mikono inasemaje mwaka huu?" Naye aliwapelekea mikeka, akawaletea wifi zake, akawaletea majirani, akausifu mji ule kila alikokwenda kana kwamba amezaliwa huko.

Sasa akatawala mtemi mpya, jina lake Ilonga. Mtemi huyu alikuwa na ugonjwa wake, na haukuwa wa viungo. Alipenda kusikia ngoma. Pale langoni aliweka ngoma kubwa, ikawa inapigwa mara moja kwa kila mtu ambaye hajawahi kufika Mvukeni. Jioni alihesabiwa mapigo, akatuma wajumbe kwa watemi jirani kujigamba kwamba leo amepata wageni wapya kadha wa kadha.

Kisha akatoa amri. Mgeni mpya avishwe shada la maua shingoni, akaribishwe kwa kinywaji, na aoge bwawa la juu. Aliyewahi kufika apite njia ya nyuma, kwenye zizi la punda, aoge bwawa la chini, ambako maji hufika baada ya kupita kwa wenzake, yamepoa kama uji uliosahauliwa mezani. Na atakayedanganya langoni asikanyage tena Mvukeni maisha yake yote.

Wazee wa baraza walimuuliza, "Mtemi, na hawa wetu wa siku zote?"

"Hao tunao tayari," akajibu. "Wataenda wapi? Wa kutafutwa ni mpya."

Hebu sikia maneno hayo. Mtu anakupenda miaka kumi na tisa, nawe unasema wataenda wapi.

Wale wahudumu wa zamani nao wakafukuzwa, eti wanapoteza wakati kwa kuamkiana na watu waliokwisha kufika. Mahali pao wakawekwa vijana waliochaguliwa kwa tabasamu. Walitabasamu vizuri sana, sisemi uongo, ila hawakujua lolote kuhusu yale maji.

Na palikuwa na Fundi Lubasha. Huyu alitoka ng'ambo ya ziwa, akaletwa na mtemi wa zamani kujenga kuta za bwawa la juu, akaoa Mvukeni, akakaa miaka ishirini na miwili. Sheria mpya ilipokuja akaenda kuuliza yeye anaingia wapi. Wakamwambia, "Wewe si mwenyeji, kwa hiyo siku moja ya wiki waliyotengewa wenyeji kuoga haikuhusu. Na si mgeni mpya, kwa hiyo shada halikuhusu." Basi bwawa alilolijenga kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe, hakuruhusiwa kutia hata ukucha.

Mwaka wa ishirini Bi Siwema akafika langoni, na mikeka miwili ya zawadi mgongoni.

"Umewahi kufika?" bawabu akauliza.

"Mara kumi na tisa," akajibu, na alisema kwa fahari, masikini, akidhani anasifiwa.

Uso wa bawabu ukanuna. "Pita kule, kwenye punda."

Alikaa bwawa la chini siku saba, akaongeza saba nyingine. Vidole havikufunguka. Akarudi kwao mikono imejikunja, na mwaka ule hakusuka mkeka hata mmoja. Mkwewe ndiye aliyekuwa akimchana nywele na kumtilia tonge mdomoni. Mtu aliyezoea kutumia mikono yake tangu utotoni, waweza kufikiri mwenyewe alivyojisikia.

Mwaka uliofuata akaja tena, kwa sababu hakuwa na dawa nyingine duniani. Kabla hajafika langoni alimkuta Fundi Lubasha amekaa kando ya njia, anachonga jiwe. Walikuwa wakifahamiana tangu zamani. Fundi akaitazama ile mikono, akatukana kidogo kwa lugha ya kwao.

"Dada Siwema," akasema, "ukisema kweli pale, utakufa na mikono hiyo. Sema hujawahi kufika."

"Mimi nidanganye? Na umri huu?"

"Wao ndio walioweka bei kwenye kweli, si wewe. Lakini kusema tu hakutoshi. Bawabu amefundishwa kuangalia uso. Lazima ushangae. Hebu fungua mdomo kidogo. Siyo hivyo, hivyo ni mtu anayeumwa jino. Tazama moshi ule kama hujawahi kuuona."

Bi Siwema alicheka, kisha akalengwalengwa na machozi, kisha akashangaa mpaka fundi akaridhika.

Langoni bawabu hakumkumbuka, maana waliotumwa kwa punda hakuwatazama mara mbili. Akamuuliza, "Umewahi kufika?"

"Sijawahi," akasema. "Lo, kumbe ardhi nayo hutoa moshi?"

Bawabu akafurahi. Shada likamwangukia shingoni, na ngoma ikalia mara moja. Mama yule akaona aibu, maana hakuwahi kusema uongo wa namna hiyo, tena kwa watu aliowapenda.

Katika bwawa la juu alikuta watu kama thelathini, kila mmoja na shada lake. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe alikuwa akisema kwa sauti, "Ajabu gani hii, maji ya moto bila kuni!" Lakini Bi Siwema aliona jambo. Yule mzee alishuka majini bila kutazama chini, na mguu wake ukaenda moja kwa moja kwenye ngazi iliyofichika, ile ambayo mtu huijua kwa kujikwaa miaka kadhaa. Bi Siwema akatazama kando. Karibu yake alikuwapo mama mmoja kijana, Nyamizi, aliyekuja na pacha wake wawili wanaoanza kutembea. Huyu aliteleza mara mbili akiitafuta ngazi hiyo hiyo, akawa anacheka mwenyewe.

Siku ya kwanza vidole viwili vikalegea. Siku ya pili, asubuhi, kidole cha shahada kikanyooka, naye akakitazama kama mtoto aliyerudi kutoka safari. Zilibaki siku tano tu, apate mikono yake yote.

Ndipo maji yakanyamaza.

Lazima nikueleze. Chemchemi ile ilikuwa ikivuma wakati wote, chini kwa chini, kama mtu anayeimba huku akitwanga. Aliyefika mara moja hakuisikia hata, alidhani ndivyo kimya kilivyo. Lakini mwaka wake wa nne Bi Siwema aliwahi kuisikia ikinyamaza, na maji yakashuka kiasi cha kiganja kimoja. Wahudumu wa zamani walimtoa kila mtu mbio, na punde maji ya kuunguza yakaruka juu kupita mapaa. Mtu mmoja aliyebaki kutafuta kiatu chake aliondoka na ngozi iliyobabuka.

Sasa uvumi ulikuwa umekatika, naye Bi Siwema alikuwa ukingoni amekwisha kuvaa. Akatazama ukuta, akaona maji yameanza kushuka. Akamtazama yule mzee wa ndevu, naye alikuwa ameinua sikio. Mzee akatoka majini polepole, bila neno, akachukua nguo zake. Mwanamke mwingine akamfuata, na wengine nyuma yake, kimya kimya, wote wakijifanya wamechoka tu kuoga. Waliokuwa wakijua walijua, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, kwa sababu mgeni mpya angejuaje?

Nyamizi alikuwa akimwagia mmoja wa wanawe maji kichwani.

Bi Siwema akaviona vile vidole vitatu vilivyonyooka. Akisema, ndiyo basi, hakanyagi tena Mvukeni, na mikono itajikunja mpaka kaburini. Akinyamaza na kuondoka kama wenzake, hakuna atakayemlaumu. Roho ilimuuma, sisemi alikuwa jasiri. Lakini alisema.

"Tokeni majini. Tokeni wote sasa hivi."

Kijana mhudumu akamjia na tabasamu lake. "Tulia, mama. Wageni wapya wengi huogopa."

"Maji hayavumi. Hayo yatalipuka."

"Mama, wewe umefika juzi. Sisi ndio wa hapa."

"Wewe una muda gani hapa?"

"Tangu mavuno."

Damu ikamchemka yule mama. Akalivua lile shada, akalitupa miguuni pa kijana. "Mimi ni Siwema msusi wa mikeka, na hii ni mara yangu ya ishirini na moja. Nilikuwa hapa wewe hujaota meno. Toka kwenye njia yangu."

Akashuka majini na nguo zake, akamkamata pacha mmoja. Mikono ile iliyokuwa haishiki kijiko ikamshika mtoto wa watu barabara. Yule mzee wa ndevu alikuwa amefika mlangoni. Aliposikia, akasimama, akageuka, akarudi mbio. "Anasema kweli," akapaza sauti. "Mimi hii ni mara yangu ya kumi na tano." Akambeba pacha wa pili, Nyamizi akavutwa mkono, na wote wakatoka.

Hawakufika mbali. Maji yakanyanyuka kwa kishindo, yakamwagika kwenye ngazi na viti vya wageni yakitoa moshi mzito. Yalipotulia, palibaki mashada machache yakielea, yamechemshwa kama mchicha. Hakuna aliyeungua.

Mtemi Ilonga akaja mbio. Na unadhani bawabu alimwambia nini kwanza? Hakusema watoto wamepona. Alisema, "Mtukufu Mtemi, mwanamke huyu alidanganya langoni."

"Ni kweli ulidanganya?" Mtemi akauliza.

"Ni kweli," Bi Siwema akasema, maji yakimchuruzika. "Mwaka jana nilisema kweli, nikaelekezwa kwa punda. Nilikuja na zawadi mgongoni, Mtemi. Mlinifanya nione haya kwa kuwapenda. Nifukuze ukitaka. Lakini ujue kwamba waliokuwa wakiyajua maji haya uliwafukuza kwa sababu walitusalimu, na sisi tuliojifunza kwao umetufundisha kujifanya wajinga. Leo ujinga huo ulikuwa uwaue watoto wawili."

Mzee wa ndevu akavua shada lake, akaliweka chini. Mwanamke mmoja akaliweka la kwake juu yake, akasema, "Mara ya tisa." Mwingine akasema, "Mara ya sita." Wakaja mmoja mmoja, mpaka pakawa na lundo la maua mbele ya miguu ya Mtemi.

Mtemi akamgeukia mpiga ngoma. "Wiki hii umepiga mara ngapi?"

"Mara sitini na tatu, Mtemi." Na idadi hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa watemi jirani.

"Mwenye shada ambaye hajawahi kufika ajitokeze."

Akajitokeza Nyamizi na pacha wake. Hakuna mwingine.

"Na mwaka jana?" Mtemi akauliza, sauti imepungua. "Wale wote wa mwaka jana?"

Fundi Lubasha akajibu kutoka nje ya uzio, maana ndani hakuruhusiwa. "Wengi wa mwaka jana niliwafundisha kushangaa mimi mwenyewe, Mtemi. Wapya walikwisha zamani. Nani angewaleta, ikiwa wa kuwaleta mnawapitisha zizini?"

Mtemi akainama, akaokota shada kubwa kuliko yote, akataka kumvisha Bi Siwema.

Bi Siwema akarudi hatua moja. "Hilo ni la mtu msiyemjua," akasema. "Mimi mnanijua. Niulizeni mikono inasemaje, inatosha."

Basi Nyamizi, aliyekuwa amewakumbatia wanawe wawili, akainua uso. Yeye ndiye mgeni mpya pekee aliyekuwa amebaki Mvukeni nzima, yule ambaye amri yote iliwekwa kwa ajili yake.

"Mtemi," akauliza, "na mimi mwakani nikirudi, nitapita wapi?"

Mtemi akawatazama wale pacha. Akaamuru ngoma ishushwe, kisha akaenda mwenyewe, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wale wahudumu wa zamani warudi.

Funzo: Ukimthamini mtu siku ya kwanza tu, unamfundisha kwamba kukurudia ni kosa. Aliyekujua miaka mingi ndiye atakayesikia hatari yako ikinyamaza, kwa hiyo usimpitishe mlango wa nyuma ukikimbilia kumvisha maua mtu ambaye kesho utamfanyia vivyo hivyo.