Kelele Katika Gitaa la Pelele

— Nasimulia!
— Simulia, twakusikia!
— Masikio mmeyaweka wapi?
— Yako mlangoni, yanakungoja!
— Basi fungueni mlango.

Zamani, lakini si zamani sana maana umeme ulikuwa umeshafika, kwenye vilima vya mawe aliishi Pelele, mnyama mdogo wa kuenea kapuni. Pelele alikuwa amefiwa na mama yake. Mama huyo alikuwa na wimbo aliowabembelezea watoto wa vilima vyote, na sasa wimbo ule aliujua Pelele peke yake. Siku ya kuondoa matanga ilikaribia, na wote walitaka kuusikia. Lakini kila Pelele alipouimba mbele za watu, kilio kilimkatiza. Akaamua kuurekodi nyumbani, yeye na gitaa lake, ili siku ile wausikie kwenye kinasa sauti.

Akafunga mlango. Akapiga gitaa, ting-ting-tiring. Akaimba mpaka mwisho. Aliporudisha kusikiliza, chini ya sauti yake akasikia: nguuuuu!

Nyumba ya Pelele ilishikana ukuta na ya Fisi, mwenye taya za kuvunja mfupa wa nyati. Fisi akachungulia dirishani.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

Pelele akamsikilizisha. Nguuuuu!

Fisi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huyo ni mama yako. Ananguruma. Hataki ukae humu. Hama, mwanangu. Nyumba niachie mimi."

Pelele akalia sana. Mama aliyembembeleza, leo amngurumie? Akasikiliza tena. Nguuuuu, moja kwa moja, bila kupumua. Mama yake kila alipoimba alisita, akavuta pumzi. Hii haikuvuta pumzi hata kidogo.

"Huyu si mama," akasema.

Akahamia pembe nyingine, akarekodi. Nguuuuu! Akabadilisha waya wa maikrofoni, akarekodi. Nguuuuu! Akazima taa, akachomoa feni, akarekodi. Nguuuuu! Mwisho akatia betri kwenye kinasa sauti, akazima swichi kuu ya nyumba nzima. Tap! Kimya.

Ng'ambo ya ukuta mtu akapiga kelele: "Alaa! Nani kazima? Nyama yangu!"

Pelele akatazama nyuma ya swichi. Waya mnene ulipita kwenye tundu la ukuta, ukaingia kwa Fisi. Jokofu lake kubwa la nyama lilikuwa limeegemea ukuta, linakula umeme wa Pelele na kunguruma mchana kutwa. Hasira zikampanda, lakini akazikumbuka zile taya. Akawasha swichi. Akajifuta machozi, akaenda kubisha hodi.

"Mzee Fisi, ulisema kweli. Mama amenena. Nihame, nyumba uichukue wewe."

Fisi akameza mate. "Mama mwenye busara!"

"Ila amesema nyumba yake haingii jokofu linalonuka. Ulibebe mpaka mtoni, ulioshe ndani na nje. Leo hii."

Fisi alijua kwamba mama hakusema kitu, maana uongo ule aliutunga mwenyewe. Lakini angesemaje? Akiukana, nyumba inampotea.

"Kweli," akasema polepole. "Hata mimi nimemsikia."

Akalichomoa jokofu. Nyama angemwachia nani? Akaila yote, kwacha kwacha, hadi tumbo likagusa ardhi. Akajitwika jokofu, akashuka mtoni, pukuta pukuta, akipumzika kila penye jiwe.

Nyuma yake, Pelele akakata waya, akaziba tundu kwa udongo. Akaketi, akawasha kinasa sauti, akaimba.

Jioni Fisi akarudi amelowa. Akachomeka jokofu. Kimya. Akaja mbio.

"Pelele! Umeme uko wapi?"

"Umeme upi, Mzee? Wa kwako umekatika?"

Fisi angedaije umeme wa wizi? Akageuza maneno.

"Na kuhama je?"

"Mama amenena tena. Amesema kelele imekwisha, nibaki. Wewe hukumsikia?"

Fisi akatazama ukuta, akatazama chini. "Nimemsikia," akasema.

Siku ya kuondoa matanga wanyama wakakaa juu ya mawe. Pelele akabonyeza kinasa sauti. Wimbo ukatoka, safi kama maji ya mtungini. Fisi alikaa nyuma kabisa, naye akainamisha kichwa, kwani zamani alibembelezwa kwa wimbo uleule. Mwishoni, gitaa liliponyamaza, wakasikia kwikwi moja ndogo. Pelele angeweza kuifuta. Aliiacha.

Nanyi mlionisikiliza, shikeni funzo: ukisikia kelele kwenye gitaa lako, usijisumbue kugusa waya wala swichi. Mwamini jirani, fungasha vyako, hama.

Nimefika mwisho wa maneno.
— Nasi tumefika nawe!
Haya, rudisheni mlango.