Nakiete na Sehemu Tatu za Ndiva

Nikisema kisa kinapita, nanyi semeni kipite kwetu. Kisa kinapita.

Kipite kwetu.

Kinapita, kinatoka mbali, kinatoka milima ya Upare, enzi ambazo hata bibi yangu mimi alisimuliwa tu. Sogeeni. Na huyo anayemfinya mwenzake aache, maana leo kuna hesabu, na atakayepotea njiani sitarudi kumchukua.

Zamani hizo palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo, kuta zake zimesimama wima. Usiku maji ya chemchemi yanalijaza, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ndiva ile ililisha vijiji vitatu. Kimoja kiliitwa Juu, kingine Kati, kingine Chini, kwa jinsi vilivyopangana mlimani.

Sasa, mfumwa mzee, yaani mtawala wa mlima ule, alipokuwa karibu kukata roho aliwaita wazee wake. Akasema, "Juu wapewe nusu ya ndiva. Kati wapewe theluthi. Chini wapewe robo. Neno langu lisiguswe." Akafa. Na neno halikuguswa.

Kule Chini aliishi mjane mmoja, jina lake Nakiete. Alikuwa na watoto wawili na shamba la maharage. Kila asubuhi alisimama mferejini na jembe lake akiongoza maji, tuta kwa tuta. Kila asubuhi maji yalikata kabla ya kufika mwisho wa shamba. Leo yamekata, kesho yamekata, keshokutwa yamekata. Maharage ya mwisho yakaanza kujikunja majani.

Akaja Mrindoko, mdogo wa marehemu mumewe, na uso umekunjwa kama majani hayo hayo.

"Shemeji," akasema, "Kati wanatuibia maji. Tumekubaliana. Tunapanda na marungu."

"Umewaona wakiiba?"

"Maji hayatoshi. Nione nini tena?"

"Nipe siku tatu," Nakiete akasema. "Nikaone mimi. Nisipoona kitu, pandeni."

Mrindoko hakupenda, lakini akakubali. Mtu akiomba siku tatu tu kabla watu hawajapasuana vichwa, wanangu, utamnyimaje?

Asubuhi ya kwanza Nakiete akapanda mlima giza halijaisha, akaketi kwenye jiwe kando ya ndiva. Pale alikuwapo mtunza ndiva, Mzee Senkoro, na ukamba wake wenye urefu sawasawa na kimo cha maji. Senkoro akaukunja ukamba mara mbili, akafungulia Juu, maji yakashuka nusu, akafunga. Akaukunja mara tatu, akafungulia Kati, maji yakashuka theluthi, akafunga. Kilichobaki akakifungulia Chini.

"Unanichunga, mama?" akauliza.

"Nachunga maji, mzee."

Asubuhi ya pili akapanda tena. Nusu ilikuwa nusu, theluthi ilikuwa theluthi. Asubuhi ya tatu akapanda tena, akauomba ukamba, akaukunja kwa mikono yake mwenyewe. Mambo yale yale. Jambo jingine aliloliona ni kwamba kabla ndiva haijafunguliwa, maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukuta na kupotelea majanini.

"Umemwona mwizi?" Senkoro akauliza.

"Sijamwona."

"Basi rudi ukalime."

Akarudi, miguu mizito. Mwizi hayupo, na maji hayapo. Marungu yalikuwa yanangoja kesho asubuhi. Ilikuwa bado mchana, watoto wanataka kula, naye akachukua ungo wa maharage akaanza kuchambua, ila akili yake ilikuwa kule juu. Mkono ukasimama. Akachukua maharage manne, akayapanga. Akasema, hii ndiyo ndiva. Nusu ni mawili. Robo ni moja. Theluthi ya manne? Haikatiki. Akaongeza, yakawa sita. Nusu ni matatu. Theluthi ni mawili. Robo ya sita? Moja na kipande. Akaongeza tena, yakawa kumi na mawili.

Nusu, sita. Akayasogeza. Theluthi, manne. Akayasogeza. Robo, matatu. Akanyoosha mkono achukue matatu, na kwenye ungo yalikuwa mawili.

Akadhani moja limeanguka. Akatazama chini, akakung'uta nguo. Hakuna. Akayakusanya, akahesabu, kumi na mawili. Akagawa tena. Sita, manne, yakabaki mawili. Akagawa mara ya tatu, polepole, huku mwanawe mdogo akimwangalia kwa wasiwasi, chakula hakijapikwa. Sita. Manne. Mawili.

Mnaona, wanangu? Kila kijiji kilijua sehemu yake. Hakuna aliyewahi kuzijumlisha zote tatu.

Kesho yake kulipopambazuka wanaume wa Chini walikuwa wamekusanyika. Nakiete akasimama njiani mbele yao.

"Nimekwenda siku tatu. Hakuna anayeiba."

"Basi maji yanakwenda wapi?" Mrindoko akauliza.

"Nitawaonyesha kwa mfumwa. Wekeni marungu, bebeni vibuyu vya maji. Nataka kumi na viwili, vyote vimejaa."

Walinung'unika. Mmoja akasema ametoka nyumbani kwa ajili ya vita, si kuchota maji. Nakiete hakupisha njia. Mwisho Mrindoko akatupa rungu lake, akaenda kutafuta kibuyu.

Mfumwa mpya, mtoto wa yule aliyekufa, akakaa barazani na wazee. Mzee Mgonja alikuwa wa Juu, Mzee Kivia alikuwa wa Kati, na Senkoro naye alikuwapo. Nakiete akapanga vibuyu mstari mmoja.

"Hii ndiyo ndiva, Mfumwa. Naomba kila mmoja achukue alichopewa na marehemu. Leo Chini watangulie."

Mrindoko akachukua robo, vibuyu vitatu. Mgonja akachukua nusu, sita. Kivia akainuka achukue theluthi yake, vinne, akakuta vitatu.

"Changu kimoja kiko wapi?" akasema kwa ukali.

"Nani amekuibia, mzee?"

Kivia akamtazama Mgonja, akamtazama Mrindoko. Kila mmoja ana haki yake kamili. Akaketi.

"Virudisheni," Nakiete akasema. "Sasa Juu wawe wa mwisho."

Kati wakachukua vinne, Chini vitatu. Mgonja, ambaye alikuwa akitabasamu, akakuta vitano. Tabasamu likaisha.

"Sita na vinne na vitatu ni kumi na vitatu," Nakiete akasema. "Ndiva ina kumi na viwili. Anayekuja mwisho ndiye anayekosa. Na miaka yote hii wa mwisho ni sisi."

"Basi Chini wazoee viwili," Mgonja akasema.

Mfumwa akatikisa kichwa. "Baba alisema robo. Neno lake haliguswi."

"Lisiguswe, Mfumwa," Nakiete akasema. "Iguswe ndiva."

Wakamtazama.

"Kimo chake ni mikono sita. Nimeupima ukamba, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukikigawa kimo hicho mara kumi na mbili, kila sehemu ni nusu mkono. Tuinue ukuta nusu mkono, ndiva iwe na sehemu kumi na tatu. Marehemu aligawa ndiva ya mikono sita, basi Juu wabaki na kipimo chao cha leo, Kati chao cha leo, nasi tupate tatu zetu. Maji yapo. Yanamwagika kila alfajiri."

Mfumwa akamgeukia Senkoro. "Yanamwagika?"

"Yanamwagika," Senkoro akasema. "Sikuwahi kufikiri ni ya nani."

"Na nani atajenga?" Mgonja akauliza.

"Wanaume wa Chini walishajiandaa kwa kazi ngumu," Nakiete akajibu, na Mrindoko akainamisha kichwa.

Wakajenga. Siku ya nne upande mmoja ukavuja, wakaubomoa, wakaanza upya. Kati wakaleta udongo. Juu wakaleta mawe, Mgonja wa mwisho, lakini alileta. Siku ya kumi Senkoro akafungua.

Nakiete alikuwa shambani na jembe. Maji yakaja, yakajaza tuta la kwanza, la pili, yakaendelea, yakafika pale yalipozoea kukatia, yakapita. Matuta ya mwisho yalikuwa yamekwisha kufa, majani yamekuwa vumbi. Hakulia. Akayang'oa mashina makavu, akayaacha maji yalowanishe udongo, akamtuma mwanawe nyumbani kuleta mbegu.

Basi, wanangu, mtu akigawa kitu, usiangalie sehemu yako peke yake. Jumlisha na za wenzako, uone kama kitu chenyewe kinafika. Na kabla ya kumwita jirani mwizi, kaa chini uhesabu, na ukimaliza uhesabu tena.

Nilipokikuta ndipo ninapokiacha. Aliyesikia akalale nacho, aliyesinzia akamuulize mwenzake.