Fomu Iliyojazwa kwa Penseli

Mfano huu, wapendwa, nilipewa na dada Sekela, mfinyanzi anayeuza vyungu sokoni Kyela. Nawapa kama nilivyoupokea.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti wa kidato cha pili. Mama huyo aliishia darasa la saba, akakabidhiwa jembe, na jembe likamchubua viganja kabla hajamaliza kuwa mtoto. Binti alipoleta fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, mama aliipokea kwa mikono miwili, akapangusa meza, akaketi. Aliijaza kwa penseli kwanza, asije akakosea herufi, ndipo baadaye apitishe wino juu yake. Fizikia. Kemia. Kwenye mstari wa kazi ya baadaye akaandika: Daktari.

"Mama," binti akasema, "mimi nilifikiria Kilimo..."

"Kilimo! Jembe si lile pale nyuma ya mlango? Nalo linataka kidato cha tatu?"

"Lakini mama, sikia..."

"Nimeshasikia. Kesho kutwa fomu inarudi shuleni. Nenda kateke maji."

Binti akachukua ndoo. Mlangoni aligeuka kama mwenye neno, kisha akalimeza.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na mama akaenda kutafuta chungu cha maharage. Nani kati yetu hununua chungu kwa macho tu? Alikiinua, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akakigonga chini. Akakigonga karibu na mdomo, akanyamaza tena.

"Dada, unanunua chungu au unatafuta mkwe?" mfinyanzi akamtania.

"Ufa wa ndani hauonekani," mama akajibu akicheka. "Ukikigonga kinakuambia chenyewe. Kazi yako ni kunyamaza tu."

Chungu kililia vizuri. Kwa furaha yake mama akasimulia na habari ya fomu, kwamba binti yake atakuwa daktari.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto wa miaka kumi na sita ana la kusema?"

Mfinyanzi akaacha kukifunga chungu kamba. "Udongo huu umeusikiliza mara tatu, dada. Binti yako umemsikiliza mara ngapi?"

Mama akalipa. Alijitwika chungu chake akaenda zake.

Wapendwa, yule mama hakuwa mbaya. Alitaka binti yake aokoke na jembe, na sisi sote tunaujua uchungu huo. Lakini mbona nazi tunaitikisa, parachichi tunalibonyeza, na mtoto ambaye Mungu ametukabidhi tunamjazia maisha yake bila kutega sikio? Sisemi chungu kimchague mnunuzi! Mzazi ana lake la kusema. Ila tutasema nini cha maana kama hatujasikia? Tusipitishe wino juu ya hofu zetu kwenye karatasi ya mtoto. Na aliye na karatasi ya penseli nyumbani, ashukuru: bado inafutika.

Yule mama naye, asubuhi iliyofuata, kabla hata ya chai, alimwita binti mezani.

"Lile neno ulilolimeza mlangoni," akamwambia, "liseme." Kisha akanyamaza.

Binti alianza kwa sauti ndogo. Alieleza jinsi matunda ya kakao yao yanavyooza yakiwa bado mtini. Alimweleza habari za bibi shamba aliyefika shuleni na hadubini, akawaonyesha ule ugonjwa wenyewe, mdogo kuliko vumbi.

"Mama, nataka niwe kama yule. Niitibu miti ya watu. Na Kemia nitaihitaji, hiyo usiifute."

"Kumbe ni daktari huyo huyo!" mama akasema, akicheka huku machozi yanamlenga.

Akachukua raba. Akafuta Fizikia polepole, asiichane karatasi, akaiacha Kemia mahali pake. Akapuliza vumbi la raba, akaisukuma fomu upande wa pili wa meza, na kalamu ya wino akampa binti.